Kiti cha Ntemi Ndani ya Kanisa: Ufundi wa Bujora

Kanisa Katoliki la Bujora ni la mviringo, mfano wa nyumba ya msonge ya Kisukuma. Limejengwa juu ya kilima cha mawe karibu na Kisesa, kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Altare yake imechukua umbo la kiti cha enzi cha ntemi, mtawala wa jadi wa Wasukuma. Tabernakulo, mahali inapohifadhiwa Ekaristi, imeundwa kama nyumba ya ntemi. Hatua chache kutoka hapo yapo Makumbusho ya Wasukuma, na banda lake la watemi nalo limejengwa kwa umbo la kiti kilekile. Kazi hiyo ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Padri David Clement, Mkanada wa Quebec aliyekuwa katika shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, akisaidiana na wazee wa Kisukuma.

Kuchonga na kujenga kulikuwa ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Sehemu nzito ilikuwa kuamua ni alama zipi za utawala wa ntemi zingeweza kuhamishiwa katika ibada ya Kikristo bila kupoteza uzito wake machoni pa Msukuma, na zipi zingeachwa nje ya mlango. Ili kuuelewa uamuzi huo, hapana budi kuanza na ntemi mwenyewe.

Usukuma haukuwahi kuwa dola moja. Ulikuwa na makumi ya himaya ndogo, kila moja na ntemi wake. Ntemi hakujiweka mwenyewe madarakani. Alichaguliwa kutoka ukoo unaotawala na wazee wa ikulu walioitwa banang'oma, na wazee haohao waliweza kumwondoa. Juu ya hukumu na ugawaji wa ardhi, alibeba dhamana ya mvua na mavuno. Afya yake ilihesabiwa kuwa sehemu ya afya ya nchi, na ukame wa muda mrefu uliweza kumgharimu cheo.

Imani hiyo ndiyo iliyoamua sanaa ya utawala iwe ya namna gani. Mtawala anayeweza kuondolewa kwa sababu mvua imekataa hana sababu ya kuchongewa sanamu ya uso wake. Kinachohitajika ni vitu vitakavyobaki pale pale watu wanapobadilishana: kiti, ngoma, nyumba, mikuki, mapambo ya makombe ya baharini yaliyosafirishwa kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Mamlaka yalikaa ndani ya vitu hivyo, na mtu aliyapata kwa kukalishwa juu yake au kuvishwa.

Kwingineko duniani njia ilikuwa tofauti. Huko Benin, katika Nigeria ya leo, vichwa vya shaba vilisubuliwa kwa ajili ya madhabahu za wafalme waliofariki, hadi majeshi ya Uingereza yalipovipora mwaka 1897. Katika kanisa la San Vitale, Ravenna, lililowekwa wakfu mwaka 547, Kaisari Justinian ametengenezwa kwa vipande vya vioo vya rangi akiwa na duara la utakatifu kichwani, kana kwamba yeye ni mmoja wa watakatifu. Hizo ni sanaa za uso. Nchi za maziwa makuu, kwa kiasi kikubwa, zilichagua sanaa ya kifaa. Nkore, magharibi mwa Uganda, ilikuwa na ngoma ya Bagyendanwa iliyowekewa nyumba yake na kundi lake la ng'ombe, na watu waliipelekea sadaka. Karagwe, ng'ambo ya Ziwa Victoria kutoka Mwanza, ilihifadhi ng'ombe wa chuma na nyundo za mhunzi kama hazina ya ufalme. Msafiri Henry Morton Stanley alioneshwa hazina hiyo na Mfalme Rumanyika mwaka 1876. Usukuma uko katika jamii hiyo moja ya fikra.

Kiti chenyewe kinastahili kutazamwa kwa karibu. Viti vya enzi vya Wasukuma na jirani zao Wanyamwezi huchongwa kutoka gogo moja. Hakuna msumari wala kiungio. Fundi huanza na shoka kupunguza gogo, kisha huingia na tezo, akiondoa mti kidogo kidogo hadi kibaki kikalio cha duara, miguu mitatu na mgongo mrefu uliopinda kidogo kuelekea nyuma. Miguu mitatu ina faida ya kutulia hata juu ya sakafu isiyo sawa, jambo la maana kwa kiti kinachotumika uwanjani. Lakini mgongo ndio unaobeba ujumbe. Kigoda cha kawaida cha nyumbani hakina mgongo, na mwanamume yeyote aweza kukikalia. Kuubakiza mgongo kwenye gogo lilelile kunataka mti mkubwa zaidi na kupoteza sehemu kubwa ya mti huo kama vibanzi. Gharama hiyo inaonekana wazi, nayo ni sehemu ya maana ya kiti. Katika makumbusho ya Berlin kipo kiti cha Kinyamwezi kutoka Buruli, kilichochukuliwa enzi za Wajerumani, ambacho mgongoni kimechongwa umbo la mtu. Aketiye alikuwa ameegemea mwili mwingine.

Kukigeuza kiti kama hicho kuwa altare kulileta swali la kiufundi. Altare ni meza: juu yake huwekwa mkate na kalisi, na hakuna mtu anayeikalia. Bujora ililitatua kwa kuchukua umbo la nje la kiti na kukipa kikalio kazi ya meza. Palipokuwa pa kukaa ntemi pakawa pa kuweka sadaka. Kwa Mkristo wa Kisukuma hoja inasomeka bila maelezo: mwenye kiti ni Kristo, na anakikalia katika Ekaristi. Mafundisho ya Kanisa yalikuwa yameshatengeneza njia. Papa Pius XI aliweka sikukuu ya Kristo Mfalme mwaka 1925, na neno mfalme lilihitaji kupata sura mahali ambapo watu walimjua ntemi. Tabernakulo yenye umbo la nyumba ya ntemi inakamilisha sentensi hiyohiyo, kwa kuwa mtawala ana kiti cha hadhara na ana nyumba anamopatikana daima.

Hapo ndipo uamuzi wa Bujora unapozidi kazi nyingi za utamadunisho zilizofanywa baadaye Afrika Mashariki. Njia rahisi ingekuwa kumchora Yesu mweusi aliyevaa ngozi na kuiacha ramani ya kanisa ilivyo. Mchoro wa namna hiyo hubadilisha sura tu, na katika nchi ambayo mamlaka hayakuoneshwa kwa sura, usingesema mengi. Clement na wazee waliomwongoza walibadilisha mahali pa kukaa, mahali pa kusimama na mahali pa kuhifadhi. Waligusa zile alama ambazo Msukuma alikuwa amezoea kuzitii.

Ramani ya jengo inathibitisha hilo. Mapadre Weupe walikuwa wamefika Usukuma mwaka 1883 na kuanzisha misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza. Makanisa ya kimisheni kwa kawaida yalifuata ukumbi mrefu wa Ulaya. Ukumbi huo wenyewe ni mkopo kutoka serikalini. Baada ya Kaisari Konstantino kuwapa Wakristo uhuru wa kuabudu mwaka 313, walichukua basilika, jengo la Warumi la mahakama na shughuli za umma, wakaweka altare na kiti cha askofu mwishoni, kwenye kuta za nusu duara alipokuwa akikaa hakimu. Kwa hiyo, aliyedhani kwamba Bujora iliingiza siasa ndani ya ibada alisahau kwamba kila kanisa refu la Mwanza limesimama juu ya ramani ya mahakama ya Kirumi. Tofauti ni kwamba mkopo wa Kirumi umezeeka hata hauonekani tena, na wa Kisukuma ulikuwa mpya.

Ngoma za watemi zilihamishwa kwa namna nyingine. Hizi hazikuigwa kwa umbo. Zilikusanywa zenyewe, na makumbusho yana mkusanyiko mkubwa wa ngoma kutoka himaya mbalimbali. Ngoma ya aina hii ni gogo lililotobolewa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe ikiwa mbichi. Ngozi inapokauka hujikaza yenyewe, na vigingi vya mti huishikilia isirudi. Ngoma za ikulu zilipigwa kwa mambo ya nchi nzima, kama vile kusimikwa kwa ntemi, na kuzimiliki kulikuwa ndiko kuwa na himaya. Kuziweka za himaya nyingi chini ya paa moja ni jambo ambalo ntemi yeyote wa zamani asingelikubali. Lakini Bujora hazikufungiwa kabatini. Bado hupigwa siku za sherehe, na ngoma inayopigwa inabaki hai kuliko kiti kinachotazamwa tu.

Sherehe kubwa kuliko zote ni Bulabo, inayoambatana na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, mara nyingi mwezi Juni. Sikukuu hiyo iliwekwa na Papa Urban IV mwaka 1264, na maandamano yake ya Ulaya yalibuniwa kwa itifaki ya kifalme: Ekaristi hubebwa chini ya mwavuli wa kitambaa na maua hutandazwa njiani. Usukuma ulikuwa tayari na msimu wake wa ngoma, unaoanza baada ya mavuno, watu wanapokuwa na chakula na nafasi. Tarehe za Kanisa na za shamba zikaangukia pamoja. Clement aliziunganisha, na jioni ya maandamano ikawa mwanzo wa mashindano ya siku kadhaa.

Mashindano hayo yanahusu vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake inasimuliwa kuwa ni ushindani wa waganga wawili wachezaji, Ngika na Gumha. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja pande mbili za uwanja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Kwa sababu hiyo kila kundi hutafuta mvuto: ngoma ya bugobogobo na majembe yanayorushwa na kudakwa hewani, chatu wakubwa mabegani mwa wachezaji, sanamu za mbao zinazotembezwa mbele ya watazamaji. Sanaa ya uchongaji wa watu na wanyama, iliyokuwa na nafasi ndogo katika kiti cha ntemi, ilistawi hapa uwanjani. Mamlaka ya uwanjani ni ya kuhesabiwa kwa macho. Hakuna mzee wa kumsimika kiongozi wa ngoma. Umati ukihama, ameondolewa.

Muda uliochaguliwa kwa kazi ya Bujora una uzito wake kisiasa. Chini ya Waingereza watemi walikuwa wamefanywa wakusanya kodi na watekelezaji wa amri za kilimo, na miaka ya 1950 heshima yao ilishuka kwa kasi. Wakulima wa pamba walijenga nguvu yao katika ushirika ulioongozwa na Paul Bomani, chama cha TANU kilipigwa marufuku Usukuma kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, na mwaka huo wa 1958 Geita iliingia katika machafuko dhidi ya baraza jipya la utawala. Alama za ntemi ziliingia kanisani wakati ntemi mwenyewe akiyumba. Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu kwa sheria, na tangu hapo kiti cha enzi chenye kazi ya kila wiki katika eneo hili ni kile cha altare ya Bujora.

Yaliyoachwa nje hayakuwa madogo. Kiti cha ntemi hakikuwa na nguvu kwa umbo lake peke yake. Kilihitaji dawa za kusimikwa, matambiko kwa masamva, yaani mizimu ya waliotangulia, na siri zilizoshikwa na wachache. Kanisa lilichukua umbo na kuacha dawa. Kilichokuwa siri kikawekwa hadharani, kikaandikiwa maelezo na kutazamwa na mgeni yeyote. Hiyo ni hasara ya kweli, ingawa bila hatua hiyo vitu vingi vingeishia katika makusanyo ya Ulaya kama kiti cha Buruli, au vingeliwa na mchwa. Kazi hiyo pia ilianza karibu miaka kumi kabla ya Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano kutoa hati yake ya liturujia, Desemba 1963, iliyofungua mlango kwa tamaduni za mahali. Wakati Roma inaruhusu, Bujora ilikuwa na uzoefu tayari.

Serikali iliyowarithi watemi ilifanya uchaguzi wake yenyewe wa alama. Katika ofisi za Manispaa ya Ilemela huko Buswelu, kama katika kila ofisi ya umma nchini, nembo ya taifa inaonesha ngao yenye mwenge, bendera, mkuki, shoka na jembe, ikishikiliwa na mwanamume na mwanamke wanaoshika pembe za ndovu, na pamba ikiwa miguuni pamoja na karafuu. Mkuki, ngao na pembe ni vitu ambavyo ikulu ya ntemi ingevitambua mara moja. Jembe na pamba ni vya mkulima aliyempinga ntemi wa kukusanya kodi. Kiti na ngoma havimo. Katika mabonde na vilima kati ya Buswelu na Kisesa, hivyo viwili vimebaki mikononi mwa Kanisa na wachezaji.