Safari ya Pikipiki na Nathari ya Kaskazini ya Mbali

Kila muhula ninapowapa wanafunzi wa kidato cha tatu insha ya "Safari Ninayoitamani", pikipiki huja kwa wingi. Hilo halistaajabishi katika Kampala, mji ambao bodaboda ndiyo miguu ya wakazi wake. Wengi wa watoto hawa walipokuwa wadogo waliletwa shuleni wakiwa wamekaa juu ya tangi la petroli, mbele ya baba au mjomba. Kinachostaajabisha ni mahali wanapokwenda. Muhula uliopita insha saba ziliacha Masaka, Gulu na hata Mombasa, zikaenda Nordkapp, rasi iliyo kaskazini ya mbali mwa Norwe, digrii 71 kaskazini ya ikweta, ambako tangu katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai jua halitui.

Kwa upande wa sarufi insha hizo hazikuwa mbaya. Upatanisho ulikuwa sawa, methali hazikutupwa ovyo, na msamiati wa injini ulinizidi mimi mwalimu. Lakini nilipozisoma kwa pamoja niliona kasoro ambayo kalamu nyekundu haina alama yake: katika insha zote saba hapakuwa na mtu mmoja wa huko aliyefungua kinywa akasema neno. Palikuwa na theluji, palikuwa na lami, palikuwa na upepo. Watu hawakuwapo.

Si haki kuwalaumu watoto, kwa maana wamefuata mifano waliyopewa. Mifano hiyo ni filamu. Walimu wenzangu watakumbuka ile iitwayo Long Way Down, ya mwaka 2007, ambamo waigizaji wawili, Ewan McGregor na Charley Boorman, walitoka ncha ya Scotland hadi Cape Town kwa pikipiki, wakapita na hapa kwetu Uganda. Mwaka 2025 wawili hao walirudi na Long Way Home, safari ya kutoka Scotland kwenda Uingereza kwa njia ya kuzunguka, kupitia nchi za Scandinavia, juu ya pikipiki kuukuu za miaka ya sabini. Na nyuma yao wamo wapanda pikipiki wasiohesabika wanaojipiga picha za video wenyewe na kuzisambaza.

Sisemi kwamba utanzu huu hauna thamani. Pikipiki ni chombo chema kwa msimulizi. Mwenye gari hufunga kioo akaitazama mvua. Mwenye pikipiki hunyeshewa. Tangi lake ni dogo, kwa hiyo hana budi kusimama mara kwa mara. Na akianguka matopeni, chombo ni kizito, hakinyanyuki bila mkono wa mtu mwingine. Kijana yeyote wa steji pale Wandegeya aweza kulithibitisha hili. Basi mtu angetegemea kwamba hadithi ya pikipiki ingejaa watu kuliko hadithi yoyote ya safari. Badala yake aghalabu hujaa pikipiki. Mkasa ni mnyororo uliokatika. Kilele ni mnyororo uliotengenezwa. Yule fundi aliyeutengeneza huonekana kwa nukta chache, akicheka, kisha barabara huanza tena. Tulipojiona wenyewe katika ile filamu ya mwaka 2007 tulijiona hivyo hivyo, tukipungia mkono kamera inayopita. Sasa watoto wetu, wakishika kalamu, wanawapita watu wa Norwe kama sisi tulivyopitwa.

Na hao wapitwao ni akina nani? Mpanda pikipiki aendaye Nordkapp akitokea Finland hupita Karasjok, mji wa Wasami, wenyeji wa asili wa pembe ile ya dunia, ambako Bunge la Wasami wa Norwe lilifunguliwa mwaka 1989. Kwa vizazi vingi serikali ilikusudia kuwageuza Wasami kuwa Wanorwe, na chombo chake kikuu kilikuwa shule: mtoto aliingia darasani na lugha ya mama yake, akaamriwa kuiacha mlangoni. Ilikuwa Novemba 2024 ndipo Bunge la Norwe lilipoomba radhi rasmi kwa siasa hiyo. Mwalimu wa Uganda asiyetikisika kwa habari hii labda amesahau kile kibao alichovikwa shingoni siku aliyosikiwa akisema lugha ya kwao.

Baada ya Karasjok barabara hushuka pwani, huingia katika handaki la karibu kilomita saba lipitalo chini ya bahari, mita 212 chini ya usawa wa maji, lililofunguliwa mwaka 1999, na kutokea kisiwa cha Magerøya. Huko kuna mji wa Honningsvåg. Majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yakirudi nyuma mwaka 1944 yaliiteketeza Finnmark, na katika Honningsvåg jengo lililosalia ni kanisa. Kila nyumba nyingine aionayo mpanda pikipiki ilijengwa na watu waliorudi kwenye majivu. Kisiwa hicho ndicho pia malisho ya kiangazi ya mifugo ya Wasami, wale wanyama wa jamii ya kulungu waitwao reinde. Katika insha moja kati ya zile saba reinde walitajwa: walikuwa kizuizi barabarani.

Kuna kichekesho kimoja ambacho filamu nyingi hukinyamazia. Jabali la Nordkapp, lenye kimo cha mita 307, ambapo wasafiri hupiga picha mbele ya sanamu ya tufe la chuma, si ncha ya kisiwa. Jirani yake ipo ncha nyingine, Knivskjellodden, inayoingia baharini kaskazini zaidi. Huko pikipiki haifiki. Mtu huenda kwa miguu, kilomita tisa kwenda na tisa kurudi.

Nilipokuwa nikitafuta cha kuwasomea wanafunzi badala ya filamu, nilijikuta nimerudi kwenye kitabu kikongwe kuliko shule zetu nyingi. Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, alichapisha huko Göttingen Safari za Wasuaheli. Ndani yake imo safari ya Selim bin Abakari, Mngazija, aliyekuwa mtumishi wa Mjerumani Bumiller, na ambaye mwaka 1896 alifuatana na bwana wake katika Urusi na Siberia, hadi milima ya Altai na nchi za Wakalmuki na Wakirgizi. Hiyo si Scandinavia, nakiri. Lakini walipita Petersburg, mji ulio jirani na Finland, ambayo siku hizo ilikuwa chini ya Tsar. Na kwa mtu wa Ngazija baridi ile na hii ni ndugu. Jambo la maana ni kwamba zaidi ya miaka mia moja iliyopita Kiswahili kilikwisha kwenda kaskazini, na kilipofika huko hakikukosa maneno.

Selim anasimulia kwa namna ya msafiri wa pwani: wanakaa katika nyumba za namna gani, wanakula nini, dini yao ipi, wanapanda nini. Sentensi zake ni fupi na zinasukumana kwa vitendi vya "-ka-" kama watu wanaoshuka jahazini. Hana haja ya kutuambia kwamba ameona ajabu. Anaieleza ajabu kwa vipimo vya kwao na kuendelea. Tena, kwa kuwa alikuwa mtumishi, alisafiri upande wa mizigo, chakula na wanyama, yaani upande ambao watu hukutana kwa kazi, si kwa kupeana mikono tu.

Nimekwisha kuwasikia wenzetu wakipinga. Wanasema maandishi hayo yaliagizwa na Mjerumani, yakapita mikononi mwake, yakachapishwa kwa manufaa ya watawala waliotaka kujifunza lugha. Yatakuwaje fasihi yetu? Hoja hii ni nzito na siipuuzi. Lakini natazama upande wa Wasami. Mwaka 1910 msami Johan Turi alitoa kitabu cha kwanza cha mambo ya kidunia kilichoandikwa na Msami kwa Kisami, kuhusu maisha ya watu wake. Aliyemhimiza, akakaa naye, akamsaidia kuyapanga maandishi na kuyafasiri kwa Kidenishi ni mwanamke wa Denmark, Emilie Demant Hatt. Je, Wasami wamemtupa Turi kwa ajili hiyo? La. Humhesabu miongoni mwa waasisi wa fasihi yao. Mkunga akitoka kijiji kingine, mtoto habadiliki ukoo.

Kasoro ya Selim, kwa maoni yangu, iko mahali pengine. Wasimulizi wa kitabu kile husafiri na mizani ya ustaarabu wa pwani mfukoni, na huwapima kwayo wote wasiofanana nao, bara ya Afrika au bara ya Siberia. Yeye ambaye rangi yake ilimfanya kuwa kioja kwa wenyeji alipaswa, ungedhani, kuwa mwangalifu zaidi katika kuwahukumu. Sifichi hili darasani. Ni somo zuri kuliko sifa tupu.

Wa kumlinganisha naye ni Tété-Michel Kpomassie wa Togo, ambaye kitabu chake juu ya Greenland kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1981. Akiwa kijana alikiona katika duka la vitabu la Lomé kitabu juu ya watu wa barafu, akaondoka kwao, akatumia miaka mingi njiani, akifanya kazi nchi moja baada ya nyingine, hadi aliposhuka Greenland mwaka 1965. Watoto walimwona wakalia. Yeye akakaa. Alilala katika nyumba zao, akala walichokula, akaeleza ulevi na njaa bila kupamba. Na huko Upernavik akakaa na mzee Robert Mattaaq, ambaye kuta za nyumba yake ya udongo zilibandikwa kurasa za magazeti na kuwa maktaba yake. Hapana filamu ya pikipiki niijuayo iliyotupa ukuta kama ule. Ham Mukasa wetu, aliyefuatana na Katikiro Apolo Kagwa kwenda London mwaka 1902, ana jicho kali pia, ila mshangao humzidi nguvu. Tutamjadili siku nyingine.

Naona umuhimu wa jambo hili hapa Kampala kuliko pengine. Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973 kwa amri ya mtawala wa kijeshi, kikawekwa katika Katiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe mashuleni. Hata hivyo wazazi bado wapo wanaokidhania kuwa lugha ya kambi na ya wezi. Mtoto wao akisoma ukurasa wa Mngazija aliyekuwa Siberia mwaka 1896, hukunja uso, husoma tena, huuliza kama ni kweli. Tahajia ya Velten itamsumbua. Lyndon Harries aliyatoa maandishi hayo upya mwaka 1965 katika Swahili Prose Texts, na nakala ya hapo hutosha kwa kuanzia.

Baada ya kumsoma Selim niliwarudishia insha zao waziandike upya, kwa sharti moja tu, kwamba mwenyeji mmoja aseme. Kijana mmoja, ambaye mara ya kwanza alifika Nordkapp kwa aya nne, safari hii hakufika. Pikipiki yake iliishiwa petroli Karasjok, na kurasa mbili zilizobaki anabishana na mama mwenye kituo cha mafuta, ambaye hataki kumuuzia mpaka aseme vizuri neno "giitu", yaani asante kwa Kisami. Nilimpa alama kumi na sita kati ya ishirini. Nne nilizikata kwa sababu ya tahajia.