Volti 3.3 Mbele ya Transista ya Inveta

Ukiingia duka la vipuri vya elektroniki Kariakoo na kuomba mosfeti ya kuwashia mzigo wa volti 12, kuna uwezekano mkubwa utatoka na IRFZ44N au IRF3205. Wateja wakubwa wa spea hizi ni mafundi wa inveta, UPS na chaja, na hizo ndizo transista zinazoungua mikononi mwao na kubadilishwa kila mara. Ni transista imara, bei yake inavumilika, na zinabeba ampea nyingi. Shida huanza pale kijana anayesoma elektroniki, tuseme pale chuo cha DIT kwenye makutano ya barabara za Morogoro na Bibi Titi, anapoichukua na kuiunga moja kwa moja kwenye mguu wa ESP32, prosesa inayotoa volti 3.3.

Tuchukue kazi ya kawaida kabisa mitaa hii: bango la duka lenye taa za ukanda za volti 12, zinazokula ampea 5, na ESP32 ya kuongeza na kupunguza mwanga. Dreni inaunganishwa kwenye upande hasi wa taa, sosi inakwenda hasi ya pawasaplai, na geti inapokea volti 3.3 kutoka kwenye prosesa. Taa zinawaka, lakini kwa unyonge. Baada ya dakika kadhaa mwanga unaongezeka wenyewe, na transista haishikiki kwa moto. Ukiibadilisha kwa nyingine kutoka pakiti ileile, huenda taa zisiwake kabisa. Hapo ndipo wengi wanahitimisha kwamba wameuziwa feki.

Inawezekana ni feki, lakini hata orijino ingefanya hivyohivyo. Karatasi ya vipimo ya IRFZ44N inataja volti ya kizingiti ya geti kuwa kati ya 2 na 4, na namba hiyo ndiyo inayopoteza watu. Msomaji anaona 2, anaona ana 3.3, anaridhika. Asichokiona ni sharti lililoandikwa pembeni: kizingiti hicho kimepimwa mkondo ukiwa maikroampea 250. Hapo transista inaanza tu kufunguka, na sisi tunataka ipitishe mkondo mara 20,000 ya huo. Tena transista yenye kizingiti cha volti 3.7 ni halali kabisa kwa mujibu wa karatasi ileile, na mbele ya volti 3.3 itabaki imefunga. Ile iliyofunguka nusu, kizingiti chake hushuka kadiri inavyopata joto, ndiyo maana mwanga ulipanda wenyewe.

Namba ya kusoma ni ukinzani wake ikiwa imefunguka kikamilifu, pamoja na volti ya geti ambayo kwayo mtengenezaji ameuahidi. Kwa IRFZ44N ni milioomu 17.5, geti ikiwa na volti 10. Kwa ampea 5, joto lake halifiki nusu wati. Bila hitisinki, kipande cha umbo hili hupanda nyuzi 62 hivi kwa kila wati, kwa hiyo kitaongezeka nyuzi 27 juu ya joto la hewa, jambo linalovumilika hata kwenye joto la Dar. Sasa ichukue iliyofunguka nusu, imezuia volti 1.5 huku ampea 3 zikipita: hizo ni wati 4.5, na hesabu inaipeleka nyuzi 279 juu ya hewa. Kikomo chake ni 175.

Wapo watakaokwambia utafute IRLZ44N, yenye herufi L, iliyotengenezwa kwa ajili ya ishara za prosesa. Ushauri huo ni mzuri kwa Arduino Uno inayotoa volti 5. Kwa 3.3 haujakamilika, kwani ahadi ya chini kabisa ya IRLZ44N ni kwenye volti 4. AO3400 imeahidiwa hata kwenye volti 2.5, lakini ni punje ndogo ya kulehemu juu ya bodi, na ampea 5 ni karibu na mwisho wa uwezo wake. Zile moduli ndogo za IRF520 zinazouzwa kama nyongeza za Arduino sizipendekezi hata kidogo kwa kazi hii: ahadi yake ni omu 0.27 kwenye volti 10, yaani karibu wati 7 kwa mzigo wetu hata ukiipa geti yote inayotaka.

Mimi nasema tubaki na transista ya inveta. Volti 12 inazozitaka tayari zipo kwenye pawasaplai ya taa. Kinachokosekana ni njia ya kuzifikisha kwenye geti kwa amri ya volti 3.3.

Njia ya mkato ni transista moja ya NPN, BC547, inayovuta geti chini, na rezista moja inayoivuta juu kwenye volti 12. Inafanya kazi, ila inageuza amri: prosesa ikinyamaza, mzigo unawaka. Katika mji ambao umeme hukatika na kurudi, hilo si jambo dogo. Umeme unaporudi ESP32 huchukua muda kabla programu haijaanza, na miguu yake mingi wakati huo haijaamua lolote. Bango litawaka kwa nguvu zote. Kama mzigo ungekuwa pampu ya maji au mota ya mlango, ingeanza kuzunguka bila kuamriwa.

Kwa hiyo tumia transista ndogo mbili. Mguu wa prosesa uende kwenye beisi ya BC547 kupitia rezista ya kiloomu 4.7, na nyingine ya kiloomu 47 itoke beisi hadi hasi ili ishara isielee. Emita yake iende hasi. Kolekta yake ivute beisi ya PNP, BC557, kupitia kiloomu 4.7. Emita ya BC557 ikae kwenye volti 12, na kiloomu 10 iwe kati ya emita hiyo na beisi yake. Kolekta ya BC557 ipeleke volti 12 kwenye geti kupitia omu 220. Mwisho, kutoka kolekta hiyohiyo hadi hasi, weka kiloomu 1. Hii ndiyo inayomwaga chaji ya geti wakati wa kuzima. Iweke kabla ya omu 220, upande wa kolekta. Ukiiweka kwenye geti yenyewe, rezista hizo mbili zitagawana volti na geti itapata chini ya 10.

Prosesa ikiamuru, zote mbili zinafunguka na geti inapata karibu volti 12. Ikinyamaza, ikizimwa au waya ukichomoka, mzigo unazima.

Kiloomu 1 hiyo wengi huibadilisha kwa kiloomu 10 ili kuokoa mkondo, na mimi naona ni kosa kwenye kazi ya kupunguza mwanga. IRFZ44N huhitaji chaji ya hadi nanokulombu 63 kwenye geti, sawa na kapasita ya nanofaradi 6 hivi. Kwa kiloomu 1 sehemu kubwa yake inamwagika ndani ya maikrosekunde 8 hivi. Kwa kiloomu 10, zaidi ya 60, na sehemu kubwa ya muda huo transista iko nusu, inachemka. Ukiwasha na kuzima mara 1,000 kwa sekunde, 8 kati ya 1,000 hazina madhara. Kwa mara 20,000 sakiti hii haitoshi tena. Nunua dereva wa geti kama TC4427, na uhakikishe ishara ya 3.3 inaifikia kwa usahihi.

Kwa mifumo ya sola ya volti 24, usiipe geti volti zote hizo: kikomo chake ni 20, basi zena ya volti 12 kati ya geti na sosi ni lazima. Na mzigo ukiwa mota, daiodi ya kurudisha mkondo iwe sambamba na mota, mstari wake ukielekea chanya.

Kuhusu feki, kipimo chake ni rahisi. Chukua balbu ya indiketa ya gari, volti 12 wati 21, ya kawaida kwenye maduka ya spea za magari Gerezani, iunge na betri kupitia transista, na geti uipe volti 12 za betri hiyohiyo. Mkondo utakuwa ampea 1.75 hivi. Weka mita kati ya dreni na sosi: IRFZ44N ya kweli isizidi sana milivolti 31. Ukisoma 100 na zaidi, rudisha pakiti nzima kabla hujalehemu hata moja.