Halmashauri na Tabianchi: Uhakiki wa Kipimo cha Miche

Makada wetu na wanafunzi wa vyuo wanapoulizwa Serikali za Mitaa zinafanya nini kukabili mabadiliko ya tabianchi, wengi hujibu kwa hesabu ya miche. Wilaya fulani imepanda kiasi hiki, wilaya jirani imepanda kiasi kile. Jibu hilo lina chanzo chake. Limo agizo la Taifa lililoitaka kila halmashauri ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka, na taarifa zinazosomwa vikaoni zimejengwa juu ya agizo hilo. Katika makala haya tunakihakiki kipimo hicho kwa kutazama Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Hatupingi kupanda miti. Tunauliza kama hesabu ya miche inaweza kuwa sera. Na ikiwa haiwezi, ni nani anayelipa gharama ya kosa hilo.

HALI HALISI YA UZALISHAJI

Uchambuzi wa kijamaa huanzia kwenye uzalishaji. Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012. Zote zinaishi kwa migomba, kahawa na maharage. Mvua hupungua kadiri mtu anavyotoka ukanda wa Ziwa Victoria kwenda magharibi, kwa hiyo mkulima wa huku hana akiba kubwa ya mvua ya kuchezea.

Moyo wa uchumi huo ni kibanja, yaani shamba linaloizunguka nyumba, ambamo migomba, kahawa, maharage na miti ya kivuli huishi pamoja. Nje ya kibanja kuna rweya, uwanda wa nyasi wenye udongo hafifu. Mgeni akiiona rweya hudhani ni ardhi isiyo na kazi. Ukweli ni kwamba rutuba ya kibanja imetoka rweya kizazi baada ya kizazi: ng'ombe wamechunga kule na samadi yao ikaletwa nyumbani, nyasi zimekatwa kule zikatandazwa chini ya migomba, zikahifadhi unyevu wakati wa kiangazi. Wazee hawakuwa na neno "tabianchi", lakini walijenga utaratibu wa kuhimili ukame.

Sasa tuitazame kahawa. Mkahawa huchanua mvua inapokuja baada ya ukavu. Mvua ikianza kisha ikakatika, maua hunyauka na msimu hupotea. Kaya isiyo na akiba inaingia kwenye butura: inauza kahawa ikiwa bado mtini, hata ikiwa ua, kwa bei ya kutupa. Mnunuzi wa butura anafaidi ukame ambao mkulima anauumia. Hasara haiishii kwa mkulima. Tangu mwaka 2017 sheria imeweka ushuru wa mazao ya biashara usiozidi asilimia 3, na ushuru huo ni chanzo kimojawapo cha mapato ya ndani ya halmashauri katika wilaya za kahawa. Kahawa iliyovushwa mpakani kwa magendo haiingizi ushuru hata senti moja. Basi mvua ikitetereka, bajeti ya halmashauri nayo inatetereka. Kwa sababu hiyo tabianchi haiwezi kuachwa mezani kwa afisa mazingira peke yake. Ni suala la mipango, fedha, ushirika na ardhi.

HESABU ISIYOULIZA ARDHI NI YA NANI

Tuifanye hesabu ambayo taarifa nyingi huiruka. Miche milioni 1.5 ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, inahitaji hekta 1,350. Kwa wilaya mbili ni hekta 2,700 kila mwaka. Kwa miaka 10 ni hekta 27,000. Ardhi hiyo iko wapi? Mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalifanywa hifadhi za taifa mwaka 2019, na hayo hayamo katika mamlaka ya halmashauri wala ya kijiji. Vibanja vimejaa na vinagawanywa upya kila baba anaporithisha. Kinachobaki ni rweya.

Hapo ndipo tofauti ya kitabaka inapojificha nyuma ya jani la kijani. Kuotesha mikaratusi au misonobari kwenye eneo kubwa kunahitaji fedha ya miche, ya vibarua na ya kungoja miaka. Mkulima mdogo hana fedha hiyo. Anayeweza ni mfanyabiashara, au mtumishi mwenye mshahara, tena mara nyingi haishi kijijini. Na mti wa kudumu ni alama ya umiliki: aliyepanda amejiwekea mpaka. Ardhi iliyokuwa ya malisho na nyasi za wote inageuka shamba la mtu mmoja, na katika taarifa ya wilaya inahesabiwa kuwa ushindi wa mazingira. Kaya iliyokosa nyasi za kutandaza na malisho ya ng'ombe wake inaona kibanja chake kikikauka mapema zaidi. Lengo limefikiwa, uwezo wa umma wa kuhimili ukame umepungua.

Kipimo hicho kina kasoro ya pili. Kinahesabu siku ya kupanda, hakihesabu mwaka wa tatu. Mche uliopandwa mbele ya wageni na kufa wiki mbili baadaye kwa kukosa mvua umekwisha kuandikwa kuwa mti. Wapo watakaosema kwamba bila lengo la idadi hakuna ambacho kingefanyika. Tunakubali kwamba kazi isiyopimwa hulala. Lakini kipimo kibovu hufundisha kazi mbovu, na kada anayeridhika na tarakimu anajifunza kuutumikia mkutano wa taarifa badala ya kumtumikia mkulima.

NJIA MBILI KATIKA HISTORIA YETU

Nchi yetu imekwisha kupita njia mbili katika kuponya ardhi, nazo zinafaa kusomwa pamoja. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwa amri katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Majani yalirudi, na huo ni ukweli. Lakini gharama ilibebwa na wafugaji, na hifadhi iliyosimama kwa amri ilihitaji askari ili iendelee kusimama.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Baada ya muda waliouendesha waliona kwamba Wasukuma walikuwa na utaratibu wao wa ngitili, wa kutenga malisho hadi kiangazi. Ngitili ilifufuliwa, ikalindwa kwa kanuni ambazo jamii yenyewe ilizijua na kuzisimamia. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa za kijani. Siri ya Shinyanga ilikuwa kwamba mwenye ardhi, mwenye kanuni na mwenye faida walikuwa watu wale wale.

Kagera nayo ina somo lake. Mnyauko wa migomba ulipoingia mkoani mwaka 2006, hakuna mkulima aliyeweza kujiokoa peke yake. Panga lisilosafishwa la jirani lilitosha kuambukiza. Kung'oa mashina yaliyougua, kukata ua dume kwa kijiti chenye panda na kusafisha zana ni kazi zinazofaa pale tu mtaa mzima unapozifanya. Sheria ndogo inayoeleweka kwa njia hiyo ni silaha ya umma. Sheria ndogo inayosomwa mara ya kwanza siku ya kutozwa faini ni kodi nyingine tu.

SHERIA IPO, MADARAKA YAKO WAPI?

Serikali za Mitaa zilifutwa mwaka 1972 na kurudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Sheria Na. 7 ya mwaka huo inazipa halmashauri za wilaya na vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka kamati za mazingira katika Serikali za Mitaa, na inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka vyanzo vya maji. Kwa hiyo upungufu hauko katika maandishi. Upo katika swali la nani anabanwa na nani anaachwa. Mama anayeokota kuni na kijana anayechoma mkaa hukamatwa upesi, kwa kuwa hawana wa kuwasemea. Mikaratusi ya mkubwa iliyopandwa bondeni karibu na chemchemi haikamatwi upesi hivyo.

Na tusisahau ubeberu. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa chafu ya dunia, na mkulima wa Nkwenda au Kayanga hana sehemu katika hiyo inayostahili kutajwa. Anaombwa kupoza moto ambao hakuuwasha. Mradi wa Emiti Nibwo Bulora, yaani miti ndiyo uhai, umewalipa wakulima wadogo wa huko kwa awamu kwa ajili ya kaboni inayohifadhiwa na miti waliyootesha. Mkulima akipata senti yake tunafurahi. Hata hivyo bei ya kaboni haipangwi Karagwe, na mnunuzi wa cheti anaweza kuendelea kuchafua hewa kwake. Kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022 zimefungua mlango wa Serikali kusimamia jambo hili. Mkulima mmoja mmoja mbele ya soko hilo ni sawa na muuza butura. Nguvu yake iko katika kujadiliana kwa pamoja, kupitia kijiji na ushirika.

KAZI YA MAKADA

Tunapendekeza kila Kamati ya Siasa na kila baraza la madiwani liikabili taarifa ya mazingira kwa maswali manne:

(a) Katika miche iliyopandwa miaka mitatu iliyopita, mingapi ingali hai, na imo katika ardhi ya nani?

(b) Je, Mkutano Mkuu wa Kijiji umepima na kutenga rweya ya malisho na nyasi kabla ya kugawa eneo la kuotesha miti?

(c) Katika ushuru uliotokana na kahawa, ni kiasi gani kimerudi shambani kama miche ya kivuli, hifadhi ya maji, samadi na elimu ya kilimo?

(d) Kabla ya kumkataza mwananchi kuni, tumempa nishati gani? Agizo la taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa lianze kwa majiko ya shule zetu wenyewe. Karagwe shirika la wakulima la MAVUNO limekwisha kushiriki majaribio ya bayogesi na ya mboji iliyochanganywa na masalia ya mkaa. Halmashauri isome matokeo hayo na kuyapeleka vijijini.

Maswali haya hayahitaji mfadhili. Yanahitaji daftari la kijiji lililo wazi, diwani asiyeogopa wakubwa, na kada anayekwenda shambani kuhesabu miti baada ya kiangazi. Halmashauri itakayoweza kuyajibu mbele ya wanakijiji itakuwa imeanza kuwa na sera ya tabianchi. Isiyoweza, iendelee kuhesabu miche. Lakini isituambie kwamba umma umekingwa.