Sura ya 36 Tusiyoihubiri

Katika juma la wanawake, mabinti watano wa Selofehadi hawakosi kutajwa madhabahuni. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike katika ukoo wake kwa kuwa tu hakuacha mtoto wa kiume. Musa hakuwajibu kwa akili zake. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, naye Bwana akasema mabinti hao wamenena sawa. Sheria ikabadilika. Vigelegele vinapigwa, kwaya inaimba, tunarudi nyumbani.

Hiyo ni Hesabu 27. Ni mara chache sana nimesikia mhubiri akifungua sura ya 36, ambako shauri lile lile linarudi. Safari hii wanaosimama mbele ya Musa ni wakuu wa jamaa ya Gileadi. Wana hofu: mabinti hawa wakiolewa katika kabila jingine, ardhi itawafuata huko. Musa anawakubalia. Mabinti waolewe, lakini ndani ya kabila la baba yao tu. Nao wakaolewa na wana wa ndugu za baba yao. Katika sura yote hiyo hawasemi neno hata moja. Wale waliokuwa na midomo katika sura ya 27 sasa wanajadiliwa.

Washarika wengi wakisikia neno ufeministi hudhani ni jambo la Wazungu, la kuvunja ndoa. Lakini mwaka 1989, nchini Ghana, Mercy Amba Oduyoye na wenzake walizindua Mduara wa wanawake wa Kiafrika wanatheolojia, na moja ya kazi zao imekuwa kuyasoma Maandiko kwa kuuliza maswali ambayo bibi yeyote kijijini anayaelewa. Nani anasema? Nani anasemewa? Gharama inamwangukia nani? Kwa maswali hayo, sura ya 36 haiwezi kupitwa kimya kimya.

Najua utetezi wake. Ardhi ile iligawanywa kwa kura, kila kabila na fungu lake, na ukoo uliopoteza ardhi ulipoteza riziki. Hofu ya wakuu wa Gileadi ilikuwa ya kweli, wala si vema kuwadhihaki. Lakini hofu ilikuwa ya kabila zima, na waliowekewa mpaka katika ndoa zao ni wasichana watano, pamoja na kila binti mrithi aliyekuja baada yao. Hapo wahubiri wetu wanaposema tu kwamba Mungu aliwapa mabinti haki, wanatupa nusu ya Neno.

Nusu hiyo nyingine ilikuja kusikilizwa Mwanza. Katika Uhaya, Bibi Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo akaenda mahakamani kuupinga uuzaji huo, naye alikuwa na maandishi mkononi: kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maishani mwake, lakini si kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ikampa ushindi. Mahakama ya Wilaya ikaona vingine, kwa sababu Haki za Binadamu zilikuwa zimekwisha kuingizwa katika Katiba yetu. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu akakubaliana na Mahakama ya Wilaya.

Kinachonivutia katika hukumu ile ni jinsi ilivyoishughulikia hofu ya ukoo, maana ushindi wa mwanamke tulikwisha kuuona katika Hesabu 27. Jaji hakuupuuza ukoo. Mwanamume wa Kihaya akiuza ardhi ya ukoo kwa mgeni bila ridhaa ya ndugu, ndugu waliweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Jaji akasema basi na iwe hivyo hivyo kwa mwanamke. Anayeitaka ardhi ya ukoo ibaki katika ukoo, atoe fedha. Msomaji wa Walawi 25 atamtambua hapo ndugu wa karibu anayekomboa. Hofu ni ile ile ya Gileadi, ila gharama imehamia kwa mwenye hofu, wala haikuwekwa katika ndoa ya mtu.

Ingekuwa vizuri kuandika kwamba mambo yaliishia hapo. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilitamka wazi usawa wa mwanamke katika kupata na kumiliki ardhi. Hata hivyo kanuni za 1963, ambazo katika urithi zinawaweka mabinti daraja la tatu, hazikufutwa. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaona ubaguzi uliomo, lakini ikakataa kuzibatilisha. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imevunja wajibu wake kwa wajane hao.

Na Kanisa? Sisi huwa tupo pale pale msibani. Mchungaji anazika, anaombea wafiwa, anakula, anaaga. Kikao cha ukoo kinaanza gari lake likishatoka, na mzee wa kanisa aliyebaki anaketi humo kama mwanaukoo, wala si kama mzee wa kanisa. Mjane na binti zake wako jikoni. Ukiwauliza baadaye waliamua nini, watakuambia walichoambiwa.

Yoshua 17 inataja kwamba hata baada ya ahadi ile yote, mabinti wa Selofehadi walilazimika kwenda tena mbele ya Eleazari na Yoshua kukumbusha kwamba Bwana alimwagiza Musa wapewe urithi. Musa alikuwa amekwisha kufa. Kuhani alikuwa yule yule.