'Steal' si 'rob': Tofauti ndogo ya maneno inayoweza kumgharimu mtu uhai

WAKENYA wengi tunaozungumza Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu hutamka sentensi mbili ambazo wenye lugha wakizisikia hukunja uso: "They robbed my phone" na "I was stolen my phone." Nimezisikia kwa wanafunzi wangu wa chuo kikuu, kwa watangazaji wa redio na hata kwa mawakili wakiwa nje ya mahakama. Anayewasahihisha kwa kawaida huishia kusema kwamba hiyo ni sarufi mbovu, basi. Hasemi kosa limetoka wapi wala linaelekea wapi. Maoni yangu ni kwamba kosa hili lina mizizi katika Kiswahili tunachokitumia kila siku, na matawi yake yanafika kizimbani.

Tuanze na maana. Kitenzi 'steal' hushughulika na kitu. Kinachofuata kitenzi hicho ni kile kilichochukuliwa: simu, ng'ombe, pesa. Mwenye mali akitajwa hutajwa baadaye, tena kwa msaada wa 'from'. Zaidi ya hayo, 'steal' hubeba harufu ya siri. Neno 'stealth', lenye maana ya kunyemelea, ni ndugu yake wa damu. Anayefanya 'steal' kwa kawaida hataki kuonekana.

Kitenzi 'rob' kinashughulika na mtu au mahali. Kinachofuata ni yule aliyetendewa: abiria, mwenye duka, benki. Mali ikitajwa huja baadaye, ikitanguliwa na 'of'. Kiini chake ni nguvu au vitisho. Historia ya neno lenyewe inatufunza kitu: 'rob' na 'robe', yaani joho, yana asili moja, kwa sababu zamani mavazi yalikuwa nyara ya kawaida ya aliyevamiwa. Aliyefanyiwa 'rob' alivuliwa nguo mchana kweupe, hakuibiwa akiwa usingizini.

Ndiyo maana ukisema "They robbed my phone" unadai kwamba simu yenyewe ndiyo iliyovamiwa na kutishwa. Na ukisema "They stole the bank" unatuambia kwamba majamaa walilibeba jengo zima, kuta, mabati na mlinzi.

Sasa kosa linatoka wapi? Linatoka katika unyambuzi. Kiswahili kina kitenzi 'iba', ambacho shamirisho kipozi chake ni kitu. Tukitaka kumwingiza mwenye mali, hatuhitaji kitenzi kingine. Tunaongeza kiambishi tu na kupata 'ibia'. "Ameniibia simu." Mwenye mali amekuwa shamirisho kitondo, na katika kauli ya kutendewa anapanda hadi kuwa kiima: "Nimeibiwa simu." Sentensi hiyo haina kasoro yoyote. Kasoro huja pale mtu anapoibeba jinsi ilivyo na kuivalisha maneno ya Kiingereza: "I was stolen my phone." Kiingereza hakina mlango huo. 'Steal' hairuhusu mwenye mali awe kiima namna hiyo, lazima useme kuwa simu yako iliibwa, "My phone was stolen." Anayeweza kuwa kiima cha kutendwa ni aliyefanyiwa 'rob'. Cha kuchekesha ni kwamba vijana wa mjini wanaosema "nimerobiwa" wameupata muundo huo barabara kuliko baadhi ya wasomi wao: nafsi ya mtu iko mahali pake.

Kuna wanaoruka hapa na kudai kwamba Kiswahili ni maskini, kwamba hakina neno la 'rob'. Hao hawajakichunguza. Kiswahili kina 'nyang'anya', kitenzi ambacho hakiwezi kutumiwa bila kumfikiria mtu aliyekuwapo, aliyeshika mali yake na kunyimwa kwa nguvu. Kina 'pokonya' na 'pora'. Kina 'kwapua', yaani kuchukua ghafla na kutoka mbio. Kina 'chopoa' kwa wale wa mifukoni, na 'dokoa' kwa mtoto anayemega nyama jikoni kidogo kidogo. Hata methali zetu zinajua tofauti. Tunaposema siku za mwizi ni arubaini, tunamzungumzia mtu aliyejificha. Mnyang'anyi hana arubaini za kuhesabiwa. Ameonekana siku ya kwanza.

Basi ikiwa maneno tunayo, tatizo ni nini? Tatizo ni kwamba tumeyaacha yapigwe vumbi na kulitwika neno 'wizi' mzigo wote. Sisi wa vyombo vya habari na taaluma tuna lawama kubwa zaidi. 'Thief' ni mwizi, 'robber' ni mwizi, 'burglar' ni mwizi. Tukitaka kutia chumvi, wote ni majambazi. Na kosa linaloitwa 'robbery with violence' tumelizoea kwa jina la 'wizi wa mabavu'.

Jina hilo lina kasoro mbili. Kwanza, linalitia kosa hilo katika ukoo wa 'wizi', kana kwamba ni wizi ulioongezewa chumvi tu. Pili, na hili ndilo zito, haliwezi kutenganisha makosa mawili yaliyo katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Kifungu cha 295 kinafafanua 'robbery' kuwa ni kuiba pamoja na kutumia au kutishia kutumia nguvu. Kwa hivyo kila 'robbery', hata ile ya kawaida, tayari ni ya mabavu. Adhabu yake, kwa mujibu wa kifungu cha 296(1), ni kifungo cha hadi miaka 14. Ukipiga hatua moja hadi kifungu cha 296(2), ambako ndiko 'robbery with violence' inakokaa, adhabu ni kifo. Wizi mtupu, usio na mambo mengine ya kuuzidisha uzito, adhabu yake ni hadi miaka mitatu.

Hatua hiyo kutoka miaka 14 hadi kifo huvukwa kwa jambo lolote moja kati ya matatu: mshtakiwa alikuwa na silaha au chombo cha hatari, au alikuwa pamoja na mtu mwingine hata mmoja, au alimpiga ama kumjeruhi mtu. Neno ni 'au', si 'na'. Vijana wawili wasio na hata kijiti wakimtishia mpita njia na kumnyang'anya simu, wanaweza kujikuta chini ya kifungu cha kifo kwa sababu tu walikuwa wawili. Wakisomewa shtaka la 'wizi wa mabavu', watajuaje kwamba idadi yao ndiyo inayowahukumu? Mmoja atakubali upesi, akidhani amekubali kuchukua simu.

Wapo watakaoniambia nisiwatie watu hofu, kwani hakuna aliyenyongwa nchini tangu 1987, na Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo mnamo Desemba 2017. Ni kweli, lakini mahakama hiyo ilifafanua mwaka 2021 kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji pekee. Isitoshe, mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kwamba vifungu hivi havibainishi vya kutosha viwango vya uzito wa kosa, kiasi cha kumwezesha mshtakiwa kujibu. Ikiwa Kiingereza chenyewe kilishutumiwa kwa kutobainisha, tafsiri inayofuta hata mpaka uliopo itasemwaje?

Ndugu zetu wa Tanzania wametupita hapa. Magazeti yao na mahakama zao husema 'unyang'anyi', na palipo na silaha husema 'unyang'anyi wa kutumia silaha'. Hata hivyo, hatuwezi kuliazima jina hilo la pili vivi hivi, maana sheria yetu haidai silaha; kuwa wawili kunatosha. Ninachopendekeza ni hiki. 'Theft' ibaki 'wizi'. 'Robbery' iitwe 'unyang'anyi'. Kosa la kifungu cha 296(2) liitwe 'unyang'anyi mkuu', na mkalimani wa mahakama asiishie kwenye jina. Aitamke sababu iliyoufanya kuwa mkuu: mlikuwa wawili, au ulikuwa na panga, au ulimpiga. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa kina cha kutosha kulijibu, na haki ya kupata mkalimani bila malipo. Mkalimani anayetaja jina lisilobainisha ametimiza haki ya pili na kuivunja ya kwanza.

Kuna jozi nyingine ya kutazamwa kwa jicho hilihili. 'Housebreaking' na 'burglary' kwetu yote huitwa kuvunja nyumba. Kisheria, tofauti ni saa: kitendo kikifanyika usiku, yaani kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, huwa 'burglary', na kifungo cha juu hupanda kutoka miaka saba hadi kumi. Kuongeza neno 'usiku' hakumgharimu mwandishi wala mkalimani chochote.

Mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi kwa "I was stolen", basi, asimwambie tu kwamba amekosea. Amwulize kwanza kwa Kiswahili: uliibiwa au ulinyang'anywa? Akishajibu hapo, Kiingereza kitajipanga chenyewe. Na swali hilohilo ndilo mwandishi wa habari za mahakamani anapaswa kujiuliza kabla ya kuandika 'wizi'.