Utingo Wako Yuko Wapi?

Nilijifunza kuendesha gari kwa shilingi 500. Ndivyo nilivyoamini nikiwa sekondari, Singida mjini, ndani ya kibanda cha gemu chenye benchi moja na feni isiyozunguka. Wenzangu walilipia mpira. Mimi nilisubiri wamalize, kisha nikamwomba mwenye kibanda aniwekee Gran Turismo 4. Mfululizo huo, tangu gemu ya kwanza ya mwaka 1997, ulijinadi kwa uendeshaji halisi. Na kweli, ukikanyaga breki katikati ya kona gari linateleza kama linavyopaswa. Lakini ukibamiza ukuta kwa kasi ya 200, unarudi barabarani bila hata mkwaruzo kwenye rangi. Tulicheka tu. Hakuna aliyeona tatizo.

Nami nilikuwa wa mwisho wa kucheka. Kwetu ni Shelui, chini ya Mlima Sekenke, na Baba alikuwa dereva wa lori. Mtoto wa Shelui hujua kwa masikio lori lililoingiza gia ndogo mapema na lile linalotegemea breki. Baba aliwahi kukosa breki pale mlimani. Alitoka na mguu uliovunjika. Utingo wake hakutoka. Nyumbani habari hiyo haisimuliwi.

Siku hizi kibanda kimehamia mfukoni. Mdogo wangu anacheza Bus Simulator Indonesia kwenye simu, gemu iliyotolewa na Maleo mwaka 2017. Naelewa kwa nini imewashika vijana wetu. Indonesia wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani uko kulia. Honi zake zina muziki. Kubwa zaidi, gemu inamruhusu mchezaji kubadili rangi za basi, hata kuingiza basi alilolitengeneza mwenyewe. Vijana wa hapa wakaingia kazini, na sasa mdogo wangu anaendesha kwenye kioo cha simu mabasi yaleyale anayoyaona stendi ya Misuna, maandishi ya ubavuni na yote.

Ni kazi nzuri, nami naisifu bila kinyongo. Ila nimekaa nyuma yake nikamtazama akipita magari kwenye kona, na nimegundua kinachokosekana. Basi lina rangi zetu, lakini halina abiria wetu. Hakuna mama wa siti ya tatu anayepaza sauti, "Dereva, punguza mwendo!" Sheria yetu inalitaka basi lisizidi kilomita 80 kwa saa, na LATRA ina mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi, lakini kabla ya mfumo huo kulikuwa na sauti ya yule mama. Mdogo wangu amebeba watu bubu.

Nikadhani dawa ni gemu yenye uhalisia zaidi. Likizo moja nilirudi nyumbani na kompyuta yenye Euro Truck Simulator 2, kazi ya kampuni ya SCS Software ya Czech, iliyotoka mwaka 2012. Nikamkalisha Baba mbele yake. Kabla hajagusa kitu akauliza, "Tumebeba nini? Tani ngapi?" Miaka yote ya kibandani sikuwahi kusikia mtu akiuliza hivyo.

Aliendesha taratibu, vidole viwili juu ya kibodi. Kwenye kilele cha mteremko akasimamisha lori. Nikamwambia barabara ni nyeupe, aendelee.

"Utingo wako yuko wapi?"

"Gemu haina utingo, Baba."

"Sasa nani ataangalia matairi? Nani ataweka jiwe?"

Akanyanyuka, akasema chai inapoa.

Kwa vipimo vya kawaida, gemu hii inazishinda zile mbili. Lori lililojaa linapanda kwa shida. Ukichagua breki za upepo za kihalisia, kukanyaga-kanyaga kunamaliza upepo. Ramani yake imepunguzwa mara 19. Kwa kipimo hicho, kilomita takriban 240 za Dodoma hadi Singida zingebaki kama 13 hivi. Hilo nalisamehe, kwani hata hadithi hufupisha safari. Nisichosamehe ni kile kiti cha pembeni kilicho kitupu. Watengenezaji wamehesabu gia, matairi na vioo, wakaita huo uhalisia. Wamesahau kwamba dereva huwa na mtu wa kumjibu. Ukikosea kwenye gemu, unalipa faini na gharama za matengenezo, basi. Hakuna nyumba ya kwenda kubisha hodi asubuhi.

Kwa hiyo ninachowaomba vijana wetu wanaopaka rangi mabasi si michoro mizuri zaidi. Wametupa basi letu. Sasa watupe Sekenke, na kwenye kiti cha pembeni wamweke mtu mwenye jina, anayesema mapema, "Weka gia ndogo."

Baba hajaigusa tena kompyuta. Mdogo wangu ametimiza miaka 18 na anataka leseni, na anasema kuendesha anajua tayari. Nimemwambia kwanza akamuulize Baba kuhusu mlima.

Bado hajauliza.