Tao la Mihrabu

Misikiti ya hapa Kindu, Maniema, ni ya matofali, na mwashi akifika ukuta wa kibla, ule unaoelekea kaskazini-mashariki, hupunguza mwendo. Kuta nyingine amezipandisha kwa uzi na timazi. Hapa humwita seremala kwanza, aunde mbao za nusu duara za kushikilia tao la mihrabu.

Tofali la tao halichaguliwi kwa macho. Udongo mzuri ni wa kichuguu, maana mchwa wameshauchambua. Tofali likitoka kwenye kalibu hukaushwa kivulini, kwa kuwa jua kali hulipasua tofali bichi, kisha huingia tanurini. Mwashi hugonganisha mawili: yakilia kama kengele, ni ya tao, yakitoa sauti nzito, yataenda ukutani. Huyapanga juu ya mbao kutoka pande zote mbili, kulia kusitangulie kushoto, mpaka lile la kileleni lizibe pengo. Chokaa ikikauka, mbao huondolewa na matofali hujibeba yenyewe kwa kubanana. Sijaona kazi ya mikono inayonivutia kuliko hiyo.

Sinan, msanifu mkuu wa masultani wa Uthmaniya tangu 1539 hadi kufa kwake 1588, naye alianzia kwenye useremala. Kuba ya msikiti wake wa Selimiye mjini Edirne, ulioanza kujengwa 1568, ina upana wa mita 31 hivi, juu ya nguzo nane. Kuba husukuma nje kama tao linavyosukuma, na Sinan aliupokea msukumo huo kwa nusu-kuba na mihimili ya nje. Sultani alitoa mali. Aliyejua uzito unapita wapi ni fundi, na mwashi wa Kindu anajua jambo hilohilo.

Uislamu ulifika Maniema karne ya 19 pamoja na misafara ya pwani, biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Miji yao ya Nyangwe na Kasongo ilikuwa na nyumba za pembe nne zenye baraza, za miti na udongo. Vita vya 1892 hadi 1894, kati ya wafanyabiashara hao na majeshi ya mfalme wa Ubelgiji, viliiangusha miji hiyo, kisha Mbelgiji akaibana dini. Udongo wa kuta hizo ulirudi ardhini. Waumini walibaki, wakajenga tena.

Siku hizi zege na nondo humaliza dirisha kwa siku moja, na vijana wengi hawajawahi kushika mbao za tao. Kamati inayochangisha saruji ya msikiti ingetenga pia posho ya kijana mmoja, akae na mwashi mzee tangu kuchagua matofali hadi mbao zitolewe.